Raundi ya Kuvaana

Amahoro, ndugu zangu. Amahoro, akina mama. Naona dirisha la upande wa barabara limefungwa na watoto wamelala. Vizuri. Nitasema polepole bila kupaza sauti, na asiyesikia amuulize jirani yake.

Sisi wa shirika la mazishi la mtaa huu tumezoea kukutana mwili ukiwa katikati yetu. Tunajua nani achimbe, nani ateke maji, nani akae na mfiwa. Leo hakuna mwili. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa sababu humu ndani mna watu waliopoteza watu wao bila kupewa cha kuzika, na mimi nilipita njia hiyo nikapotelea humo, kama mtu aliyeingia katikati ya michikichi asubuhi ya ukungu. Sitataja jina la mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Mnajua kwa nini.

Nianze na mwaka wa uhuru. Wengi wenu mnakikumbuka kile kibanda kirefu cha mabati nyuma ya kinu cha mawese, ambacho mzungu wake aliondoka akaacha hata kofia ikining'inia msumarini. Fundi wa kinu, mtu mzima aliyewahi kuwa askari wa Wabelgiji kule Kongo, alimwaga makapi ya mawese sakafuni, akayashindilia, akatandika juu yake turubai kuukuu. Kisha akatangaza kwamba kijana yeyote anayetaka kujifunza kupigana aje Jumamosi mchana, Mwislamu, Mkristo, wa mlimani, wa ziwani, mradi awe ameoga.

Tulimwita Mwalimu. Alichotufundisha hakikuwa na jina. Ngumi alizitoa jeshini. Mieleka aliichukua kwa watu wa milimani, ile wanayoiita gukirana, ya kushikana viuno na kuutafuta mguu wa mwenzako. Mitupo aliipata kwa padri mmoja aliyecheza judo. Mateke ya chini, ya kupiga paja mpaka likafa ganzi, alifundishwa na baharia wa meli ya Kalemie aliyelala hapa akingoja mashine yao itengenezwe. Mwalimu aliyachanganya yote kama mama anavyounga mboga.

"Ngumi ni hodi," alituambia. "Mukono wake ukipanda kujikinga, mulango umefunguka. Ingia. Shika kiuno. Ukiisha kuwa ndani, ngumi iko ya nini tena? Mutupe."

Kabla ya kutupa alitufundisha kutupwa. Tulianguka Jumamosi nyingi mfululizo, tukipiga turubai kwa kiganja ili maumivu yatoke mkononi yasiingie mgongoni. "Unaanguka kama gunia la muhogo!" alifoka. "Anguka kama mutu mwenye kwao!" Baadaye alitufunga macho kwa vitambaa, wawili wawili, mikono yetu ikigusana kwenye vifundo, tukajifunza kusikia kwa ngozi. Ukitulia, mkono wa mwenzako unakueleza bega lake linataka nini kabla halijafanya.

Lakini kilichofanya kibanda chetu kiwe tofauti na vingine vyote ni raundi ya pili.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu yote yaliyonipata yalitoka humo. Raundi ya kwanza ulipigana ukiwa wewe. Raundi ya pili ulimvaa mwenzako. Ulisimama kama yeye, ukapumua kama yeye, ukarusha ngumi zake, ukafanya hata makosa yake, naye akakuvaa wewe. "Hujawahi kuona mugongo wako," Mwalimu alisema. "Acha mwenzako akuvae, uone ujinga wako unavyotembea." Tukiwa tumevaana, Mwalimu aliita majina ghafla. Ukiitwa, ulinyamaza. Aliyeitika ni yule aliyekuvaa, tena kwa sauti yako. Ukisahau ukaitika mwenyewe, ulibeba magunia ya makapi mpaka jioni huku wenzako wakikuimbia. Raundi ya tatu ulipewa mtu mwingine kabisa, mara nyingi mzito kuliko wewe, ili akurudishe katika mwili wako.

Mimi nilikuwa na mwenzangu. Tulianza tukiwa vijana wadogo, tukafikia umri wa kuoa, mimi nikaoa, tukiwa bado tunavaana. Alitumia mkono wa kushoto. Alikuwa mwepesi kama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, huwezi kumshika mara mbili mahali pamoja. Mguu wake wa kulia ulitangulia, bega la kushoto likajificha nyuma, na ngumi yake ilikuja kutoka mahali ambapo watu wengine hawana ngumi. Mimi nilikuwa mzito, wa mkono wa kulia, mwenye kukoroma puani nikichoka. Aliponivaa, akakoroma, kibanda kizima kilivunjika mbavu.

"Acha, we! Mimi sikoromi hivyo."

"Hukoromi? Basi kuna nguruwe humu ndani."

"Nikikukamata nitakukunja kama mukeka."

"Kwanza nikamate, muzee."

Ndivyo tulivyokuwa, kila Jumamosi. Niliposikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake nilijisikia salama, kama mtu mwenye nyumba mbili.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili.

Sitausimulia. Kila mmoja humu ndani ana wake. Nitasema tu lililotokea kibandani. Mtaniuliza: watu walikuwa wanachukuliwa wasirudi, nanyi mlikuwa mnacheza? Ndiyo, tulicheza. Soko lilikuwa limenyauka, milango imefungwa mchana, na Mwalimu alisema humo ndani tu ndimo mikono yetu ilimojua la kufanya. Siku ninayoisema tulikuja sisi wawili peke yetu.

Tulikuwa raundi ya pili. Mimi nilifungwa macho, yeye hakufungwa. Vifundo vyetu viligusana. Nilikuwa nimemvaa vizuri kuliko siku zote, hata pumzi yangu ilikuwa nyepesi. Nje, kwenye maganda ya mbegu yaliyotapakaa uani, nikasikia nyayo. Zilikuwa za viatu, si za watu wa kinu. Mlango ukasukumwa. Mtu akaita jina langu.

Nikanyamaza.

Ndugu zangu, nawaambia, sikunyamaza kwa hofu. Hofu ilikuwa haijafika bado. Nilinyamaza kwa sababu miaka kumi nilifundishwa kwamba jina langu likiitwa raundi ya pili, si mimi ninayeitika. Na mbele yangu, karibu kiasi cha kunipulizia uso, nikasikia sauti yangu mwenyewe, nzito, yenye kukoroma kidogo puani, ikisema: "Iko mimi."

Vifundo vyake vikaondoka mikononi mwangu.

"Na huyu wa kitambaa?" mtu yule akauliza.

Mwalimu akakohoa. Kisha akataja jina la mwenzangu. "Ni mutoto wa yule mama muuza mihogo. Haoni vizuri, ninamufundisha tu."

Nilipovua kitambaa, kibanda kilikuwa na Mwalimu na mimi. Kwenye turubai palikuwa na unyevu wa nyayo mbili, mguu wa kushoto umetangulia. Ndivyo ninavyosimama mimi. Alitoka amenivaa.

Aliitika kwa mazoea, kama nilivyonyamaza kwa mazoea? Au aliwaona, akaelewa, akaamua? Sijui, na sitajua. Msinipe jibu baada ya kikao. Wengi walishanipa.

Siku hiyo hiyo Mwalimu alitupakia mimi na mke wangu kwenye mtumbwi wa wavuvi wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Yeye hakukubali kuvuka. Hatukumwona tena.

Kule Ubwari tulikaa kwa watu wema. Mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Mimi nilivua, nilichoma mkaa, na jioni nilifanya mazoezi pwani peke yangu. Raundi ya kwanza nilipigana nikiwa mimi, na mbele yangu hewa. Raundi ya pili nilimvaa yeye. Nilidhani ninamtunza. Nilijiambia: mwili wake hawakuturudishia, lakini mwendo wake ninao, hakuna aliyeuchukua. Nikawa makini kuliko tulivyokuwa kibandani. Kidole chake, shingo yake, namna alivyomeza mate kabla ya kuingia. Raundi ya tatu haikuwepo, kwa maana mtu wa tatu hakuwepo.

Siwezi kuwaambia ni lini raundi ya kwanza ilianza kuwa fupi. Kwanza niliifupisha kwa uchovu, halafu nikawa naisahau. Asubuhi moja nilijikuta ninakula kwa mkono wa kushoto, na mwenyeji wetu, mtu wa dini, akaniondolea sahani bila neno. Mbavuni upande wa kulia, pale alipokuwa akinipiga daima, nikaanza kuamka na alama nyeusi. Mke wangu alizipaka mafuta akauliza nani kanipiga. Nikasema nimejigonga kwenye mtumbwi. Lakini mimi na yeye tulijua mtumbwi haugongi mtu mahali pale pale kila siku.

Miaka ilipopita na watu wakaanza kurudi huku, na sisi tukarudi. Pale pwani yetu ya Rumonge mtu aliyekuwa akihoji wanaoshuka akaniuliza jina. Ndugu zangu, mwenye jina langu alikuwa ameshachukuliwa, na jina lililochukuliwa si la kulitaja ufukweni. Ningeweza kubuni lolote. Lakini kabla sijafikiri, mguu wangu wa kulia ulitangulia, bega la kushoto likarudi nyuma, na kinywa changu kikataja jina la mwenzangu. Kwa sauti yake.

Nyuma ya mtu yule palikuwa na mama mmoja na beseni la mihogo. Akaliweka chini. Akanitazama miguu, akapanda mpaka bega, na usoni hakufika.

"Ndiyo," akasema. "Ni mutoto wangu. Amekawia."

Akanishika mkono, akanipeleka kwake.

Mtaelewa kwamba mama yule hakuwa kichaa. Alijua sura ya mwanawe kama mnavyojua za wenu. Alinikinga, kwanza. Lakini kukinga kuna kuzoea kwake. Alinipikia nikala. Siku ya pili alinipikia chakula alichokipenda mwanawe, nikajikuta ninakipenda. Alizungumza na mimi akiwa amenipa mgongo, akisonga ugali, nami nikamjibu kwa sauti ile, na mgongo wake ukatulia. Hatukuwahi kukubaliana. Ikawa tu kwamba mchana nilikuwa uani kwake, nimesimama kwa mguu wa kulia, ninaipiga hewa, na yeye amekaa kizingitini anamtazama mwanawe akifanya mazoezi. Majirani walipita wakamsalimu yeye kwa furaha na mimi kwa jina lile. Mbwa wake tu ndiye hakunikaribia. Alilala ng'ambo ya barabara, akanitazama, na hakubweka hata siku moja.

Na nyumbani kwangu? Nilifika nimechelewa, mwepesi, mcheshi, mwenye mzaha ambao si wangu. Mtoto alinikimbia. Siku moja mke wangu aliniwekea maji ya kunawa, akabaki ameshika birika.

"Nikuulize. Bwana yangu iko wapi?"

"Mimi ni nani?"

"Ndiyo ninauliza. Mimi sikuolewa na mutu wa mukono wa kushoto. Niliolewa na mutu mumoja mzito, anakoroma. Usiku nilimuchukia kwa ile kukoroma. Sasa ninalala hapa hata pumzi siisikii. Ninagusa kama iko mutu."

Nikacheka. Kicheko cha mwenzangu. Akaliweka birika chini.

"Mutumbwi wa Ubwari unaondoka siku ya soko. Mimi na mutoto tutaondoka nao. Kama bwana yangu anarudi mbele ya ile siku, aje pwani anishushe. Wewe usikuje. Wewe sikujui."

Siku ya soko ilikuwa keshokutwa. Ndugu zangu, nawaambia ukweli ulivyo: nilisikia maneno yale kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya pili. Nilimhurumia bwana wa mwanamke yule. Nikaenda zangu kwa mama.

Mkesha wa soko, mchana, nilikuwa uani kwake. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati. Mama anamenya mihogo. Nilifanya ingizo zuri kabisa, ngumi ya kushoto, mkono wa hewa ukapanda, nikaingia chini yake, nikashika kiuno kisichokuwepo, nikakitupa. Nilisikia mtu akianguka. Naapa nilisikia mlio wa mgongo kwenye udongo. Nikageuka kwa mama ili anisifu.

Kisu chake kilikuwa kimesimama kwenye muhogo, hakimenyi.

"Wewe," akasema. Hakusema mwanangu. "Mutoto wangu alikuwa anaanguka."

Nikashusha mikono.

"Kila Jumamosi alirudi hapa viwiko vimechubuka. Alikuwa anaanguka sana, we kijana. Mwepesi, ndiyo, lakini mwepesi anapeperuka. Wewe mwenyewe ulikuwa unamuangusha, aliniambia. Na akianguka alicheka mpaka kikohozi kinamushika, nikamukanda na maji ya chumvi naye anacheka tu. Sasa tangu umekuja, ninakaa hapa kila siku ninangoja uanguke. Hata mara moja. Huyu unaniletea hapa haanguki."

Akasimama na kisu mkononi. Hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ananiogopa.

"Basi si yeye. Ni nani unamuingiza kwangu?"

Jua lilikuwa kali, nami nikasikia baridi kuanzia visigino. Tazameni, hata leo nilipowaeleza habari zake niliwaambia alikuwa mwepesi, hashikiki, ngumi yake inatoka pasipo na ngumi. Sikuwaambia kwamba alikuwa akianguka. Nilikuwa nimelisahau. Miaka yote ile ya kufanya mazoezi peke yangu, hakukuwa na mtu wa kumwangusha, na mimi sikutaka aanguke tena, kwa kuwa mara ya mwisho alipotoka mlangoni hakurudi. Basi nilikuwa nimeondoa maanguko yake moja moja, kama unavyotoa miiba kwenye samaki, nikabaki na kitu chenye mwendo wake na kisicho yeye. Kitu hicho kilikuwa kimekula chakula cha mama yake. Kilikuwa kimelala na mke wangu.

"Nenda ukaangushwe," mama akasema. "Tafuta mutu mwenye mwili. Ukiisha kuanguka, kuja uniambie."

Siku ya soko nilikwenda pwani. Mnamjua yule mbeba mapipa ya mawese, Mkristo wa kutoka ng'ambo, yule anayeimba nyimbo za kanisa akiwa na pipa begani. Yuko hapa ndani, namwona anainamisha kichwa, lakini jina silitaji. Nilimkuta amekaa juu ya pipa anakula muwa. Mtumbwi wa Ubwari ulikuwa umeshapakiwa nusu. Katikati ya mizigo alikaa mke wangu, mtoto mapajani, kuku amefungwa miguu pembeni. Hakunitazama.

"Kaka," nikamwambia mbeba mapipa, "naomba uniangushe."

"Nimekukosea nini?"

"Hapana. Nataka kupigana kidogo. Ya mchezo."

"Ya mchezo na mimi?" Akawageukia wenzake. "Munaona? Muislamu anataka kufa siku ya soko, bibi yake iko pale anatazama." Wakacheka. Akatema kapi la muwa. "Haya. Lakini nikikuvunja, pipa zangu utabeba wewe."

Tukasimama mchangani. Mguu wangu wa kulia ukatangulia wenyewe. Nikampiga mara tatu kabla hajainua mkono, nikatoka, nikaingia, nikatoka. Watu wakapiga kelele. Yeye akajipangusa mdomo, akanitazama kwa mshangao.

"Unanipiga vizuri," akasema, "lakini sikuoni. Uko wapi?"

Nikaingia tena kwa ngumi ile ya kushoto. Hakujikinga. Alikula ngumi usoni kama anavyokula muwa, akanyoosha mikono yake miwili, akanikumbatia. Hakuwa na ufundi wowote. Alinikumbatia tu, mwili mzima, jasho, mawese, pumzi ya muwa, kifua kinachopanda na kushuka. Ndugu zangu, tangu kibandani hakuna mtu aliyekuwa amenishika namna hiyo. Na kile kilichokuwa kimenivaa kilikuwa na mbinu za kumtoroka kila mtu isipokuwa mtu wa kweli. Nilihisi kinapapatika ndani ya mbavu zangu kutafuta pa kutokea. Mchanga ukaondoka miguuni. Niliona ziwa juu, mbingu chini.

Nikaanguka. Sikupiga kiganja, sikuzungusha bega, nilianguka kama gunia la muhogo. Pumzi yote ikatoka, na pamoja nayo nikatoa ukelele. "Mama yangu wee!" Na sauti ile ilikuwa nzito, ya puani. Mama niliyemwita alikuwa wangu mimi, aliyekufa nikiwa mdogo, ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka.

Mbeba mapipa akainama juu yangu. "Unaita nani?"

"Mama."

"Basi uko na mama. Simama, tuendelee."

Akaniangusha tena, na tena. Mara ya nne nilimshika kiuno na mimi, kwa mtindo wangu wa zamani, mzito na wa polepole, nikamkwaza mguu, tukaanguka wote wawili, na nilipokuwa chini yake nilikoroma kwa kukosa hewa. Nikasikia mtu anacheka kutoka majini. Mke wangu alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, mkono mdomoni, anacheka na kulia.

Nikaingia majini mpaka kiunoni.

"Nipe mukono," akasema.

Nikampa. Akautazama ni upi. Kisha akanipa mtoto, akanipa kuku, akanipa mzigo, akashuka mwenyewe bila kusaidiwa. "Usimuangushe kuku," akasema. Nahodha alilalamika kwamba tumemchelewesha, na mke wangu akamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya akina mama.

Alasiri nilirudi kwa yule mama, nimejaa mchanga, jicho moja limefumba. Nilibisha hodi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hapo kamwe. Nikamwambia nimeanguka. Nikasema kwa sauti yangu. Akaketi kizingitini, kwa maana alijua kwamba nikisema kwa sauti yangu, mwanawe hayumo tena nyumbani. Kisha akaanza kulia kama anayelia siku ya kwanza. Nami nikamlilia rafiki yangu, ambaye mpaka siku ile nilikuwa sijamlilia, kwa sababu nilikuwa sijamruhusu afe.

Sasa shukrani. Namshukuru mama yule, ambaye angeweza kuendelea kunilisha mpaka leo, akachagua kuwa mpweke kuliko kudanganywa. Namshukuru mbeba mapipa kwa mbavu zake na zangu. Namshukuru mke wangu, aliyekataa. Nalishukuru shirika hili. Mlikuja nyumbani kwa mama yule wawili wawili, kama watu wanaokwenda kununua mihogo, mkafunga mlango, mkasoma dua, na Wakristo wakasali ya kwao, mkamfanyia matanga mtu ambaye hamkuruhusiwa kulitaja jina lake wala kuonekana mnamlilia. Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Murakoze. Murakoze cane.

Jumamosi ninafundisha watu wazima wachache, pale pale kibandani. Ngumi, kiuno, mguu, kuanguka. Raundi ya pili tunaifanya, maana bila hiyo mtu hajui mgongo wake. Lakini hatuifanyi mpaka mtu wa tatu awe amesimama tayari kando ya turubai, ameshavua shati.

Somo langu ni fupi. Tuliyempoteza tukimkumbuka kwa uzuri wake tu, polepole tunamtengeneza mtu mwingine, na huyo mwingine hana huruma na sisi. Mama uliyekaa karibu na mlango, wewe ambaye bado unamwekea mumeo chakula chake kila jioni, sikukatazi. Kesho mchana nitakuja kwako na mke wangu. Hatutakuja kukuambia asahauliwe. Utatuwekea viti, kisha utueleze alikuwa anakukera kwa kitu gani.